Matairi ya tyubulesi ya kutumia mwaka mzima: namna ya kuchagua kwa baiskeli ya barabarani

Anayetafuta tairi la kuhimili mvua, baridi na jua huanza kwa kuuliza ni lipi lisilopata pancha. Halipo. Tairi la tyubulesi, yaani lisilotumia tyubu ndani, hutobolewa na miiba, nyaya na vipande vya chupa kama tairi lingine lolote. Tofauti ni kwamba ndani yake mna silanti, yale maji mazito ya kuziba, na kuchagua tairi vizuri ni kuirahisishia silanti kazi yake. Inachohitaji ni tairi lenye upana wa kutosha, upepo usiopita kiasi, na ubavu usiochanika ovyo. Unene wa mpira, ambao ndio hupigiwa debe zaidi, unafuata nyuma ya hayo matatu.

Anza na rimu

Kabla hujatazama tairi lolote, soma rimu. Ubavuni mwake au kwenye karatasi za mtengenezaji utakuta namba kama 622x21 au 622x23. Hiyo 622 ni kipenyo kwa milimita pale ukingo wa tairi unapokalia, na ndicho kipimo ambacho wengi wamezoea kukiita 700C. Namba ya pili ni upana wa ndani, kutoka ukuta mmoja wa rimu hadi mwingine. Kwenye tairi mpangilio hugeuka: 28-622, 32-622, upana ukitangulia.

Upana ulioandikwa kwenye tairi si ahadi. Tairi la 28 likifungwa kwenye rimu yenye upana wa ndani wa 23 mara nyingi hutanuka hadi 29 au 30, na linaendelea kutanuka kidogo katika wiki za kwanza. Kwa hiyo unapohesabu nafasi kwenye fremu, hesabu kipimo cha tairi likiwa limefungwa na kujazwa upepo.

Jambo la pili la kujua ni kama kuta za rimu zina ndoano kwa ndani au zimenyooka tu. Rimu zenye ndoano huwa na alama TC, zilizonyooka TSS, ingawa watengenezaji wengine huandika tu hookless. Kwa rimu zilizonyooka kuna masharti mawili ambayo hayana mjadala. Presha ya upepo isizidi baa 5, yaani PSI 72.5, hata kama tairi lenyewe limeandikwa baa 7. Na tairi liwe limeruhusiwa kwa rimu za namna hiyo, likiwa pana vya kutosha: kwa rimu ya 23 usishuke chini ya 28, na kwa rimu ya 25 nenda 30. Februari 2024, kwenye mashindano ya UAE Tour, tairi la 28 lilichomoka kwenye rimu ya 25 isiyo na ndoano aliyokuwa akiendesha Thomas De Gendt, mwendesha baiskeli wa kulipwa, naye akaanguka. Mabishano juu ya chanzo yalikuwa marefu, lakini kwa anayenunua tairi la matumizi ya kila siku hakuna sababu ya kukaa kwenye mpaka wa vipimo wakati milimita mbili za ziada zinapatikana bila shida.

Ubavuni mwa tairi tafuta maneno Tubeless Ready, au vifupisho TLR, TR au TLE. Tairi la kawaida la tyubu usilifunge bila tyubu, hata kama linaonekana kushika vizuri. Ukingo wake haukutengenezwa kuzuia presha peke yake. Hunyooka taratibu, na siku moja tairi hutoka kwenye rimu kwa mlipuko.

Upana ndio ulinzi wa kwanza

Silanti inazibaje tundu? Upepo unapotoka, unaisukuma silanti pamoja na chembechembe zilizomo hadi kwenye tundu. Mpira wa ute (lateksi) ulio ndani yake huganda pale, na chembe hukwama juu ya mpira huo hadi kizibo kinakamilika. Yote hayo hutegemea upepo kutoka kwa nguvu inayovumilika. Kwenye tairi jembamba lenye baa 6 utasikia mlio mkali, utaona mstari mweupe ukichirizika kwenye bomba la kiti na mgongoni mwako, na kizibo kitang'olewa kila kinapoanza kushika. Tundu linaziba hatimaye, lakini mara nyingi presha ikiwa imeshuka kufikia baa 2 au 3, na silanti nyingi ikiwa imeishia barabarani. Tairi la 32 lenye baa 3.8 linaanza safari karibu na presha hiyo. Tundu lile lile linaziba baada ya mizunguko michache ya gurudumu, na pengine hutajua kama ulichomwa hadi utakapoona doa lililokauka.

Ndiyo maana ushauri wetu ni huu: 28 ni kima cha chini kwa tyubulesi ya mwaka mzima, 30 ni nzuri, na 32 ndiyo ya kuchukua kama fremu inaruhusu. Kama baiskeli yako ni ya breki za rimu na haipitishi zaidi ya 25, baki na tyubu. Tyubulesi kwenye tairi jembamba la presha kubwa ni usumbufu mwingi kwa faida ndogo.

Nafasi ipimwe kwenye fremu na kwenye uma wa mbele, juu na pembeni. Acha angalau milimita 4 kila upande. Madigadi hula nafasi zaidi ya watu wanavyodhani, na matope yakijikusanya kati ya tairi na digadi husugua mpira kama msasa. Mtu anayefunga madigadi msimu wa mvua anunue tairi kwa kipimo cha madigadi yakiwa yamefungwa. Kipimo cha fremu tupu kitamdanganya.

Kuhusu upepo wenyewe, mwendeshaji wa kilo 75 anaweza kuanzia hapa: kwa tairi la 28, baa 4.6 nyuma na 4.3 mbele, kwa la 32, baa 3.8 nyuma na 3.5 mbele. Ongeza au punguza baa 0.1 hadi 0.2 kwa kila kilo 5. Lami ikiwa imelowa, shusha baa 0.2 au 0.3 kutoka hapo. Kumbuka pia baridi: tairi lililojazwa baa 5 ndani ya nyumba yenye nyuzi 20, likitoka nje kwenye nyuzi 0 hubaki na kama baa 4.6 bila kuvuja hata kidogo. Pima upepo mahali utakapoendeshea, au jaza ukizingatia tofauti hiyo.

Mwili wa tairi na ubavu wake

Chini ya mpira wa juu kuna kitambaa cha nyuzi, na wingi wa nyuzi hizo kwa inchi huandikwa TPI. Namba kubwa humaanisha nyuzi nyembamba na tairi laini linalokimbia. Namba ndogo, kama 60, humaanisha nyuzi nene, tairi gumu kidogo ila linalostahimili kukwaruzwa. Tahadhari ni kwamba wengine hujumlisha tabaka. Continental, kwa mfano, huandika 3/330, yaani tabaka tatu za nyuzi 110 kila moja. Ukilinganisha hiyo 330 na 120 ya mwingine unalinganisha hesabu mbili zilizofanywa kwa njia tofauti.

Juu ya kitambaa hicho, chini ya kashata, yaani mpira wa juu unaogusa barabara, huwekwa ukanda wa kinga, mara nyingi wa aramidi au Vectran, ambazo ni nyuzi imara sana. Hapa swali la kuuliza ni moja: ukanda unaishia chini ya kashata, au kuna kinga inayoshuka hadi ukingoni? Kinga ya kashata peke yake inazuia miiba. Haizuii ukali wa shimo la lami au jiwe lililochongoka, ambavyo hukata ubavu. Mkato wa ubavu ndio unaoua matairi ya tyubulesi mapema, kwa sababu silanti haiwezi kuuziba: ubavu hujikunja na kunyooka kila gurudumu linapozunguka, na kizibo hakipati utulivu wa kushika. Ukiwa na tairi mkononi, bana ubavu kati ya vidole viwili kisha bana kashata. Kama ubavu ni mwembamba kama karatasi na unaona nyuzi zake kwenye mwanga, hilo ni la mashindano siku za ukavu. Matairi yenye kitambaa cha pamba nayo, pamoja na uzuri wake barabarani, tunayaondoa kwenye orodha: pamba hunyonya maji, na ikiachwa na unyevu inaoza.

Halafu mpira. Mpira mgumu hudumu kilomita nyingi, na ndio huo huo unaoteleza kwenye lami iliyolowa, hasa kukiwa na baridi, kwa kuwa baridi huufanya mgumu zaidi. Tafuta mchanganyiko wa mpira wenye silika (unga wa madini), ambao hushika vizuri kwenye maji. Tairi linalosifiwa kwa umri tu, bila neno lolote juu ya mvua, tunalikwepa. Kudumu kwa tairi hakuna maana kama mwendeshaji yuko chini kwenye kona.

Michoro ya kashata isikusumbue. Gari huhitaji mifereji kwa sababu tairi lake ni pana na linaweza kuelea juu ya maji. Tairi la baiskeli ni jembamba, la mviringo na lina presha kubwa, kwa hiyo lingehitaji mwendo unaopita kilomita 100 kwa saa ndipo lielee. Kwenye lami tairi laini kabisa linashika sawasawa na lenye michoro. Michoro husaidia tu unapokatiza kwenye kokoto au udongo.

Kwa uzito, tairi la 28 la mbio liko kwenye gramu 250 hadi 290. La mwaka mzima lenye kinga ya ubavu liko kwenye 300 hadi 370. Gramu hizo za ziada ndizo kinga yenyewe, kwa hiyo ukiambiwa tairi ni la misimu yote na lina gramu 240, uliza kinga imewekwa wapi.

Majina ya kuanzia utafutaji ni kama Continental Grand Prix 5000 AS TR, ambalo ni ndugu mgumu wa lile la mbio, S TR, na lina ukanda unaong'aa ubavuni taa zikilimulika. Pirelli Cinturato Velo TLR, zito kidogo na linalojulikana kwa kuvumilia lami mbovu. Na Hutchinson Fusion 5 All Season. Usichukue jina bila kuangalia kama upana unaouhitaji unatengenezwa na kama rimu yako imo kwenye orodha yake.

Kuna jaribio moja zaidi ambalo halimo kwenye karatasi yoyote: je, unaweza kulitoa na kulirudisha kwa mikono na liva mbili za plastiki? Baadhi ya matairi kwenye baadhi ya rimu hubana kiasi kwamba fundi mwenye nguvu anatokwa jasho. Ikitokea pancha isiyozibika usiku, mvua ikinyesha na vidole vimekufa ganzi, tairi la namna hiyo litakulaza njiani. Hilo si tairi la mwaka mzima, hata kama lina sifa zote.

Kulifunga lisivuje

Matatizo mengi yanayolaumiwa kwa tairi hutoka kwenye tepu ya rimu. Tepu iwe pana kuliko upana wa ndani wa rimu kwa milimita 2 hadi 4, kwa hiyo rimu ya 21 inahitaji tepu ya 23 hadi 25. Ondoa ya zamani, futa gundi yote kwa spiriti, acha pakauke. Anza sentimita 10 kabla ya tundu la valvu, vuta tepu kwa nguvu ili ilale bila mikunjo, zunguka mara mbili, kisha malizia sentimita 10 baada ya tundu. Pitisha kidole gumba kote ukisukuma mapovu yatoke. Tundu la valvu litobolewe kwa kitu cha mviringo chenye ncha, kama msumari uliopashwa moto. Ukikata kwa kisu, mkato huendelea kuchanika na upepo hupenya chini ya tepu.

Valvu iwe inatokeza milimita 15 hadi 20 nje ya rimu, na nati yake ikazwe kwa vidole tu. Koleo huubana mpira wa chini hadi ukachanika, tena hutaweza kuifungua ukiwa barabarani.

Funga upande mmoja wa tairi, kisha wa pili, ukianzia mkabala na valvu na kumalizia kwenye valvu. Sababu ni kwamba pale kwenye valvu ukingo hauwezi kuzama kwenye mfereji wa katikati wa rimu, kwa hiyo sehemu nyingine zote lazima ziwe zimeshazama ndipo upate ule ulegevu wa mwisho. Ukikwama, usiongeze nguvu ya liva. Rudi mwanzo, bana tairi kuzunguka lote ili kingo zirudi katikati.

Paka maji ya sabuni kwenye kingo, toa moyo wa valvu, kile kipande chake cha ndani, kisha jaza upepo kwa mkupuo kwa pampu yenye tangi au kompresa. Utasikia milio mikali miwili au mitatu, kingo zikiruka na kukaa mahali pake. Usipite kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye tairi au kwenye rimu, chochote kilicho kidogo. Zungusha gurudumu uangalie ule mstari mwembamba ulio karibu na rimu: uwe umbali sawa pande zote. Ukizama mahali, toa upepo, ongeza sabuni hapo, rudia.

Ndipo utoe upepo na kuingiza silanti kwa sindano kupitia valvu: mililita 30 hadi 40 kwa tairi la 28, 45 hadi 50 kwa la 32. Tikisa chupa vizuri kabla, maana chembe za kuzibia hulala chini na ukimimina bila kutikisa unapata maji matupu. Rudisha moyo wa valvu, jaza upepo, zungusha, lilaze gurudumu dakika kumi kila ubavu, kisha uendeshe kilomita chache. Kupoteza nusu baa kwa usiku siku mbili za kwanza ni kawaida. Kama linaendelea, zamisha gurudumu kwenye maji. Mapovu yakitoka kwenye valvu, tatizo ni nati au mpira wake. Yakitoka kwenye matundu ya spoku, tepu inavuja, na hakuna silanti itakayokuokoa, ibandike upya.

Kulitunza

Silanti ya mpira wa ute hukauka. Kwenye joto na ukavu hesabu miezi miwili au mitatu, kwenye ubaridi inaweza kufika sita. Tikisa gurudumu karibu na sikio: ukisikia maji yakicheza, bado ipo. Ukimya, au kitu kama gololi kikigonga ndani, ni ishara kwamba imekwisha. Unapoongeza au kutoa upepo, weka valvu juu ili silanti isiingie na kuganda ndani yake. Mitungi midogo ya kaboni dayoksaidi hufanya baadhi ya silanti zigande mabonge, na gesi hiyo yenyewe hupenya mpira upesi, kwa hiyo ukifika nyumbani itoe ujaze hewa ya kawaida.

Mvua huleta pancha zaidi kwa sababu mbili. Maji husomba vipande vya chupa hadi pembeni mwa barabara, na kipande kilicholowa huukata mpira kirahisi kuliko kikavu. Baada ya kila safari ya mvua futa tairi, ulizungushe taratibu chini ya mwanga, uvichokoe vipande vilivyonasa kwa ncha ya sindano. Kipande kinachoachwa husukumwa ndani kidogo kidogo, hadi kikavuka ukanda wa kinga.

Tundu la hadi milimita 3 au 4 kwenye kashata, ambalo silanti imeshindwa, lizibe kwa kamba ya kuzibia inayosukumwa na sindano yake, kisha nyumbani ubandike kiraka kwa ndani: safisha silanti, sugua kwa msasa, paka solusheni, subiri ikauke, bandika. Mkato wa ubavuni unaoonyesha nyuzi ni mwisho wa tairi hilo.

Tairi la nyuma huisha mapema zaidi. Continental huweka vishimo viwili vidogo kwenye kashata; vikitoweka, muda umefika. Kwa mengine angalia ubapa katikati, nyuzi zinazochungulia, au pancha zinazoanza kufuatana. La mwaka mzima hufika kwa kawaida kilomita 5,000 hadi 8,000 nyuma, kutegemea uzito na lami. Likiisha, hamisha la mbele nyuma na jipya lifungwe mbele. Usifanye kinyume: gurudumu la nyuma likiteleza unaweza kujiokoa, la mbele halikupi nafasi hiyo.

Beba tyubu moja daima, hata kwa tyubulesi, na kabla ya kuiingiza pitisha kidole polepole ndani ya tairi lote, kwa kitambaa kama una hofu ya kujikata. Tairi lililotumika miezi kadhaa huwa limebeba miiba na nyaya ambazo silanti ilishazizungushia kizibo bila wewe kujua. Zing'oe zote, toa na valvu ya tyubulesi, kisha ndipo uweke tyubu. Vinginevyo itatoboka kabla hujamaliza kujaza upepo.